Shimo la Kumi

Mke wangu yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi, Mbale,
nami nimeachiwa watoto watatu, beseni la udongo
na Hanuka inayoingia kesho jua likizama.

Udongo tumeuchimba kichuguuni, nyuma ya choo.
Asenasi ameupepeta kwa chekeche la unga
(mama yake asijue),
Yonadabu ameukanda kwa visigino,
na Khainza, mwenye meno manne tu,
ameuonja, akatikisa kichwa, akaonja tena.

Vizibo vya soda vimetoka kwa Hajati Zubeda,
kibandani mwake pale njia panda.
"Vya nini?"
"Vya taa za sikukuu," Asenasi akamjibu.
"Tunahitaji tisa."
Akatuhesabia ishirini.
"Watoto hupoteza," alisema. "Nina wajukuu, najua."

Mimi ni fundi mwashi.
Nusu ya kuta za Namanyonyi zimenyooka kwa jicho langu.
Taa nane, alinifundisha baba, zikae kimo kimoja,
asiwepo mkubwa wala mdogo,
na ya tisa, mtumishi, iinuke kidogo,
ndiyo inayowawashia wenzake.
Basi nikaleta pimamaji, nikailaza juu ya kazi yao.
Kiputo kikakimbilia kushoto, kikajificha.
Nikabonyeza. Kikakimbilia kulia.
"Baba," Yonadabu akasema, "unakiogopesha."

Nikaiweka pimamaji chini ya kiti.

Tambi tulizisokota kwa pamba ya mto wangu uliopasuka.
Vidole vya Asenasi vinaweza kuliko vyangu;
vyangu vimezoea tofali,
pamba inanasa kwenye sugu, inakatika.
Nikawasimulia, huku nikianza upya, kile kichupa cha hekaluni,
mafuta ya siku moja
yaliyowaka siku nane.
Asenasi akafikiri, ulimi nje.
"Labda walikuwa wanamimina kidogo kidogo," akasema,
"kama mama tarehe ishirini na tano."

Sikuwa na la kuongeza.

Nilipogeuka kumfuta Khainza kamasi
kidole gumba kilikuwa kimeshapita:
shimo la kumi, pembeni kabisa,
kina chake ukucha wa mtoto wa miaka minne.
"Yona. Ni tisa."
"Hili si la taa."
"La nini?"
"La mama. Akirudi tutakuwa tumelala."

Kinara kina hesabu yake, na hesabu hiyo
wazee wetu waliitunza hapa kilimani
hata miaka ile walipoomba kwa kunong'ona,
milango imefungwa. Si yangu kuipinda.
Tofali lisilo na kazi ukutani mimi hulitoa.
Mwiko ulikuwa mkononi mwangu,
mwiko wa maana zote mbili.
Nikaufuta kwenye suruali, nikaurudisha mkobani.

"Basi lisitiwe mafuta," nikasema.
Tukatafuta cha kutia.
Asenasi alitaka ua, Khainza alitaka udongo zaidi.
Yonadabu akafungua kiganja:
karanga moja, yenye joto, yenye jasho,
sijui alikuwa nayo tangu saa ngapi.

Umeme ukakatika. Tukalala na matope kwenye nywele.

Alfajiri nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni,
harufu ya dawa ya hospitali ikaingia kabla yake,
kisha kimya kirefu upande wa meza.
Sikufungua macho. Kuna mambo mtu huachiwa ayaone peke yake.

Kulipopambazuka nikaenda kukagua, kama nifanyavyo
ukuta uliolala na ubichi.
Ganda jekundu la karanga limebaki ukingoni,
na shimo limepanuka kidogo,
sasa ni saizi ya kidole ninachokijua.

Leo jioni tunawasha ya kwanza.
Vizibo viko tisa, kumi na kimoja vimepotea,
Hajati alisema kweli.
Kinara kimeinama upande wa Wanale, kama kinasikiliza.
Na mtumishi ana alama za meno.
Manne.